Chozi kwa Ajili ya Vanyel: Msomaji na Shujaa wa Riwaya ya Fantasia

Mwanafunzi mmoja wa theolojia, aliyekuja likizo hapa Issuna wakati wa kuvuna alizeti, aliniletea riwaya ya Kiingereza iliyochakaa jalada. Alikuwa ameiokota katika sanduku la vitabu vya msaada, akaisoma usiku tatu kwa taa ya sola, kamusi ikiwa mkononi. Akaniambia, "Baba Mchungaji, kitabu hiki kimenitoa machozi, na sijui kama nilikuwa na haki ya kulia." Hakuniuliza kama kitabu ni kizuri, wala kama mafundisho yake ni ya kweli. Aliniuliza juu ya chozi lake. Makala hii ni jaribio la kumjibu, na ndugu wasomaji mtanisamehe iwapo jibu litakuwa refu kuliko swali.

Riwaya hiyo ni Magic's Pawn ya Mercedes Lackey, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1950. Ilitoka mwaka 1989, ikafuatwa na nyingine mbili mwaka 1990, Magic's Promise na Magic's Price. Mambo yake yanatukia katika Valdemar, nchi ya kubuni ambayo mfalme wake huhudumiwa na wajumbe wenye karama za ajabu, na kila mjumbe huchaguliwa na kiumbe mwenye umbo la farasi mweupe, mwenye akili na dhamiri. Shujaa ni Vanyel, mrithi wa kabaila wa mashambani, kijana apendaye muziki kuliko upanga. Baba yake anamwona dhaifu. Mwalimu wa silaha anamvunja mkono. Hatimaye anapelekwa mjini kwa shangazi yake Savil, na huko anampenda kijana mwenzake, Tylendel, naye Tylendel anampenda. Vanyel ni miongoni mwa mashujaa wa kwanza wa namna hiyo katika fantasia ya Kiingereza iliyosambazwa kwa wingi, na wasomaji wengi wamekiri kwamba wamembeba moyoni tangu ujana wao hadi uzee.

Katika lugha yetu hata jina la mtu wa namna hiyo ni tatizo. Neno "shoga", ambalo mwanamke wa pwani humwitia rafiki yake mpenzi bila aibu yoyote, limegeuzwa kuwa tusi. Nitasema tu kwamba Vanyel ni mwanamume ampendaye mwanamume, nami nitaendelea.

Kwa nini basi msomaji wa Singida, aliyelelewa katika Kanisa letu, amlilie? Jibu la kwanza ni la ufundi. Mwandishi anatufanya tumpende Vanyel kabla hatujajua ampendaye. Tunaanza na mtoto anayejificha mahali pa upweke, mkono wake unauma, vidole vyake huenda visipige tena ala, na baba yake hataki kusikia upande wake. Nani kati yetu hajawahi kumwona mtoto huyo? Msomaji wa Kiswahili alikwisha kumwona katika nyumba ya Zakaria, ndani ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda. Zakaria anamlinda binti yake kwa fimbo, na ulinzi huo ndio unaomwangamiza. Wapo wazee waliosema kitabu kile kitawaharibu wasichana. Wasichana wenyewe walikisoma kwa siri na kumlilia Rosa, kwa kuwa walimfahamu baba yake.

Tena fantasia si mgeni kwetu. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, anasimulia habari za liwali mwema ambaye kila usiku huwachapa mijeledi manyani wawili, kisha huwalilia, huwabembeleza na kuwalisha. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini; jini Huria amewageuza na kumwamuru awapige. Nilikisoma nikiwa mtoto, na kilichonikaa moyoni si wema wa Adili. Ni ule usiku, mjeledi mkono mmoja na chozi shavuni. Hatia ya ndugu zake ilikuwa ya kweli, na huruma yake ilikuwa ya kweli pia, wala moja haikuifuta nyingine. Mtoto asingeweza kulieleza jambo hilo kwa maneno, lakini alilielewa. Fantasia ina uwezo huo: humvisha ndugu ngozi ya nyani ili tuone tunavyomtendea, kisha humvua.

Kwa hiyo simlaumu mwanafunzi wangu kwa kulia. Lakini naona machozi yake yalitiririka upande mmoja, na hapo ndipo riwaya hii inapostahili kuhojiwa kwa ukali zaidi. Pacha wa Tylendel anauawa katika uhasama wa koo mbili. Tylendel, kwa uchungu, anafungua lango la kichawi kwa kutumia nguvu za Vanyel, na kuwaachilia wanyama wa kutisha juu ya ukoo wa Leshara. Farasi wake Gala, ambaye ndiye dhamiri yake, anamkana papo hapo, kisha anawakabili wanyama wale na kufa. Tylendel anajitupa kutoka juu ya mnara. Kurasa hizo ndizo zilizomliza mwanafunzi, nami pia nilizisoma mara mbili. Nilipomuuliza, "Na watu wa Leshara?" alinyamaza. Hakuwakumbuka. Mwandishi naye hawakumbuki sana, kwa kuwa hakuwapa uso. Mapenzi ya msomaji kwa shujaa yana tabia hii: yanahesabu majeruhi wa nyumba moja tu.

Kasoro ya pili ni kwamba mapenzi ya vijana hawa yanaelezwa kama kifungo cha roho kilichokwisha kuandikwa, hata Tylendel anarudi duniani katika mwili wa mwimbaji Stefen kwenye kitabu cha tatu. Jambo hili linapendeza masikioni, lakini linamwondolea mtu uchaguzi, na pasipo uchaguzi hakuna uaminifu wa kuusifu. Tena mateso yamerundikwa mno. Kuna mahali nilihisi mwandishi amenishika shingo ili nilie, na mzee wa umri wangu hapendi kushikwa shingo.

Agostino, katika Maungamo yake, anajilaumu kwamba katika ujana alimlilia Dido, malkia wa hadithi aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, huku akiwa hana chozi kwa ajili ya mauti ya nafsi yake mwenyewe. Maneno hayo hutumiwa mara nyingi na wale wanaotaka kutuzuia kusoma riwaya. Nathani alikuwa na maoni mengine. Alipotaka kumfikia Daudi hakumpelekea sheria. Alimsimulia habari za maskini na mwana-kondoo wake wa kike, aliyekula chakula cha bwana wake na kulala kifuani pake. Kondoo huyo hakuwapo kamwe. Daudi akawaka hasira kwa ajili yake, na hasira hiyo ndiyo mlango alioingilia nabii. Walakini tusisahau kwamba hasira peke yake haikumfundisha Daudi lolote juu yake mwenyewe. Angeweza kulala usingizi akijiona mfalme mwenye moyo mwema. Ilihitajika mtu asimame mbele yake na kumwambia kwamba mwenye hatia ni yeye. Riwaya haina mtu huyo ndani yake. Kazi hiyo humwangukia anayesoma pamoja nasi, na katika usharika mara nyingi humwangukia mchungaji, apende asipende.

Sisi tunaosoma hapa Tanzania hatusomi katika Valdemar. Kanuni ya Adhabu inalihesabu tendo la wanaume wawili kuwa kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Maaskofu wa KKKT walitoa Tamko la Bukoba mwaka 2004. Mwaka 2010 ukafuata ule wa Dodoma, Kanisa letu likikataa ndoa za jinsia moja baada ya maamuzi ya makanisa rafiki ya Sweden na Marekani mwaka 2009. Siandiki ili kuyapima matamko hayo. Yanajadiliwa mahali pake. Naandika kwa kuwa wachungaji wengi hulijua jambo hili kwa njia ya matamko pekee, na tamko halina mkono uliovunjika. Msomaji wa Lackey amelijua kwa njia nyingine. Mwandishi wa Kenya Binyavanga Wainaina alipojitangaza mwezi Januari 2014, aliandika kama mtoto anayezungumza na mama yake marehemu, naye alifariki Nairobi mwaka 2019. Wasomaji waliokuwa wamekipenda kitabu chake cha kumbukumbu za maisha cha mwaka 2011 walijikuta wamekwisha kumpenda mtu kabla ya kuambiwa. Wengine walilirudisha pendo lao kama mtu arudishaye bidhaa dukani. Wengine hawakuweza.

Nilimrudishia mwanafunzi kitabu chake nikiwa na swali moja. Mwisho wa Magic's Price, Vanyel anasimama peke yake katika njia ya mlimani upande wa kaskazini, na kwa kifo chake pamoja na farasi wake Yfandes anaiokoa nchi nzima. Wahubiri tutakimbilia haraka kumwona hapo mfano wa Kristo. Afadhali tuende polepole. Nilitaka kujua kama angempenda Vanyel iwapo asingeokoa mtu yeyote: iwapo angekuwa hana karama wala farasi mweupe, angezeeka akilima uwele, akikaa benchi la nyuma kanisani na kutoka kabla ya baraka ili asisalimiwe.

Alifikiri kwa muda. Akasema kwamba yuko mtu kama huyo katika usharika aliofanyia mazoezi ya vitendo, naye hakuwahi kumuuliza hata jina lake. Kisha akaomba abaki na kitabu wiki moja zaidi, asome tena sura za watu wa Leshara.