Jinsi choo cha gereza kilivyopunguza kuni, na hesabu yake kwa Aru

Ukitaka kujua idara gani ya serikali inachoma kuni nyingi, anza na jiko la gereza. Ugali na maharagwe hupikwa humo kila siku kwa mamia ya watu, na kuni hununuliwa mwaka mzima kwa fedha ya umma.

Rwanda walianza kulishughulikia jambo hili zaidi ya miaka 20 iliyopita, Cyangugu, ng'ambo tu ya mto Ruzizi ukiwa Bukavu. Najua kuitaja Rwanda kunawauma wengi wetu Wakongo kwa sababu ya vita. Naitaja kwa sababu kazi ilifanyika na matokeo yake yalipimwa. Baada ya 1994 magereza yao yalijaa watu zaidi ya 100,000. Vyoo vikafurika, na miti ya karibu ikaishia jikoni. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali, KIST, ikaona shida hizo mbili zina dawa moja. Mtambo wa kwanza wa gesi ya kinyesi ulianza kazi 2001. Kufikia 2005 magereza sita yenye watu wapatao 30,000 yalikuwa na mitambo hiyo, kuni zilikuwa zimepungua karibu nusu, na KIST ikapata tuzo ya Ashden ya Uingereza.

Mtambo wenyewe ni kuba la matofali lililofukiwa ardhini. Bomba huleta uchafu kutoka vyooni, na mara ya kwanza huongezwa samadi ya ng'ombe ili vijidudu vipate kushika kazi. Humo hakuna hewa, kwa hiyo uchafu unapooza hutoa methani, nayo hukusanyika juu, chini ya paa la kuba. Gesi ikizidi husukuma tope lipande kwenye chumba cha pembeni. Uzito wa tope hilo ndio unaoisukuma gesi hadi jikoni, bila pampu wala umeme. Tope linalotoka mwishoni halinuki sana, na hutiwa shambani. Gereza kubwa hujengewa makuba kadhaa yaliyounganishwa. Kosa la kuepuka ni kuelekeza humo maji ya kuoga: sabuni hudhuru vijidudu, na maji mengi hulitoa tope kabla halijaoza.

Kwa nini nusu tu ya kuni? Kinyesi cha mtu mmoja hutoa takribani lita 20 hadi 40 za gesi kwa siku, nacho chakula chake huhitaji zaidi ya hapo. Anayeahidi jiko lisilotumia kuni hata kidogo kwa choo peke yake hajapiga hesabu.

Tanzania wamechukua njia ya mchanganyiko. Septemba 2024 Wakala wa Nishati Vijijini na Jeshi la Magereza walisaini mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 35 za huko: gesi ya mitungi, gesi ya kinyesi, mkaa mbadala. Mitungi ina faida yake, jiko hubadilika haraka. Lakini mtungi wa kuja kwetu Aru, huku Ituri, hutoka pwani, huvuka Uganda, na ukiisha lazima ununuliwe mwingine. Kuba hulipiwa mara moja, kisha hubaki gharama ya matengenezo. Kwa teritwari ya savana kama Aru, ambako kuni hutegemea mikalitusi iliyopandwa na msitu mkubwa uko mbali upande wa Mambasa, mimi nachagua kuba.

Kikwazo kiko kwenye karatasi za manunuzi. Kuni ni gharama ya kila mwezi, ndogo machoni. Kuba ni gharama ya ujenzi, kubwa kwa siku moja. Mwenye kulinganisha bei za mwezi mmoja atachagua kuni kila mara.

Nchi yetu, Kongo, ina Sheria Na. 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 kuhusu manunuzi ya umma, nayo inagusa mikataba hii ya kuni. Naomba wakubwa wa Aru na wa Bunia, kabla ya kusaini tena mkataba wa kuni za gereza, shule ya bweni au kambi, wadai bei mbili mezani: kuni za miaka kumi, na kuba moja pamoja na nusu ya kuni hizo. Na fundi asilipwe fungu la mwisho mpaka moto wa gesi uwe umewaka jikoni miezi sita mfululizo.