Kazi Inayokubali Kukatizwa

Katika kazi zote za mikono nizijuazo, hakuna inayomstahimili mama mwenye nyumba iliyojaa watu kama kusuka ukili, ule mstari wa majani yaliyochanwa unaoshonwa kuwa mkeka. Chungu kibichi kikiachwa juani hupasuka. Unga uliokandwa ukisahauliwa huchachuka. Cherehani ikiachwa wazi, mtoto atatia kidole. Ukili unauweka chini hodi ikibishwa, unamkaribisha mgeni, unageuza maharage jikoni, unamwogesha mdogo, na ukirudi saa mbili baadaye chane ziko pale pale ulipoziachia. Hakuna kilichoharibika. Unazinyunyizia maji kidogo, unatafuta ile iliyokuwa juu, unaendelea.

Nayasema haya nikiwa mkazi wa Mnazi Mmoja. Huku kwetu siku huanza kwa milio ya mikokoteni ielekeayo sokoni, na haipoi mpaka wamachinga wa Mtaa wa Kongo wafunge mizigo yao. Ndani ya siku hiyo kuna sare za shule za kupiga pasi, foleni ya kliniki, basi la mwendokasi la kugombea, na ndugu kutoka bara waliokuja kununua vitenge Mtaa wa Uhuru na watalala kwetu. Watu huniuliza napata wapi muda wa kusuka. Muda mzima, ule wa kufunga mlango na kukaa peke yangu, sina wala siutarajii karibuni. Nilichonacho ni vipande: chai inapochemka, maji yanapojaa kwenye ndoo, mtoto anaposoma kwa sauti. Ukili hujengwa kwa vipande vya namna hiyo hiyo, na ukishakamilika huwezi kuonyesha mahali ulipokatizwa.

Aliyenifunza ni mama mkwe wangu, mzaliwa wa Mafia, kisiwa ambacho wanawake wake wamejulikana kwa mikeka vizazi na vizazi. Alianza kunifunza majani kabla ya kunifunza kusuka. Ukindu ni majani machanga ya mkindu. Hukatwa yakiwa bado hayajafunguka sawasawa, huanikwa mpaka yapoteze ukijani na kuwa meupe. Miyaa ni jani gumu zaidi, hufaa majamvi na vikapu. Kila jani huchanwa kwa ukucha au ncha ya sindano kuwa chane za upana mmoja, na hapo ndipo mkeka unapopona au kuharibika, kwa sababu chane pana ikikaa jirani na nyembamba mstari utayumba mpaka mwisho. Zile za rangi huchemshwa kwenye sufuria pamoja na rangi ya unga, kisha huanikwa kivulini. Kabla ya kusuka hulowanishwa zilainike. Jani kavu huvunjika, na lililolowa mno husinyaa baadaye na kuacha matundu.

Kusuka kwenyewe ni juu, chini, kunja ukingo, ongeza chane mpya pale ya zamani inapokaribia kwisha. Mstari hurefuka na kuviringwa, na hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mkeka mmoja wa kulalia hula pima nyingi. Ukili ukitosha hushonwa ubavu kwa ubavu ukizungushwa, halafu hukatwa na kutiwa pindo. Macho hayahitajiki sana. Umeme ukikatika usiku, naendelea gizani, kwa kuwa kidole gumba kinajua chane iliyo juu na iliyo chini.

Hapa ndipo penye neema ya kazi hii kwa familia. Simu huchukua macho na masikio kwa pamoja, hata ukiwa umekaa na wanao umekwisha kuondoka. Ukili huchukua vidole tu. Mama anayesuka ameketi, na aliyeketi husogelewa. Binti yangu mkubwa, ambaye akiulizwa habari za shule mezani hujibu kwa neno moja, hunisimulia mengi nikiwa nimeinamia chane, pengine kwa sababu simtazami usoni. Mdogo hunihesabia jedwali la kuzidisha huku akinichagulia rangi. Baba yao akirudi huchukua vipande vilivyobaki akavifunga mafungu. Hakuna aliyemwamuru.

Wanawake wa pwani hii walilijua jambo hili zamani sana. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, kati ya vitu alivyovitoa ardhini vilikuwamo vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati: uzito uliovikwa kwenye kijiti cha kusokotea pamba ili kizunguke na uzi ukazike. Vigae kama hivyo vimepatikana pia Shanga, kaskazini kwenye visiwa vya Lamu. Mtu alichukua kipande cha chungu kilichokwisha kuvunjika, akakisugua mpaka kikawa duara, akatengeneza nacho uzi. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilisafirishwa hadi Misri. Kijiti cha kusokotea ni chombo kidogo cha kushikwa mkononi. Napenda kuamini kwamba Kilwa ile kilizungushwa uani, na watoto wakiwa miguuni.

Karne ya 19 ilileta marekani, kitambaa cha viwandani kutoka Massachusetts, na baada yake nguo za viwanda vya Uingereza na Bombay. Bei yake haikushindika. Usokotaji wa pamba ukafa pwani. Hata pamba yetu yenyewe, inayolimwa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, sehemu yake kubwa imekuwa ikisafirishwa nje kabla haijawa uzi, ingawa Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa pale Ubungo mwaka 1968.

Lakini usokotaji haukufa wote. Nenda pwani ya mashariki ya Unguja, Jambiani au Paje, maji yakiwa yametoka. Utaona mashimo yaliyofunikwa kwa mawe. Humo yamezikwa makumbi ya nazi, na yatakaa miezi mpaka maji ya chumvi yaozeshe kila kisicho uzi. Yakifukuliwa hupigwa kwa gongo, yakaoshwa, yakabaki usumba, nyuzi za rangi ya dhahabu zilizo ngumu kuliko zinavyoonekana. Wanawake huzisokota kwa viganja, wakiongea, hadi ziwe kamba. Kamba ya namna hiyo ndiyo iliyoshona mitepe, vyombo vya zamani vya pwani ambavyo mbao zake ziliunganishwa bila misumari na vikavuka bahari. Sijui sifa gani zaidi mtu angeitaka kwa kazi ya viganja.

Mjini tuna aina zetu. Mitaa ya Kariakoo ina maduka ya nyuzi za kufumia yaliyopanga rangi toka sakafuni hadi darini, na kina mama wa Gerezani na Ilala hufuma kwa kroshia vitambaa vya makochi na kofia za vichanga huku wakiwauzia wateja vocha na maandazi. Kofia za viua nazo hushonwa tundu kwa tundu, mwezi hata miezi kwa kofia moja, na usiku wa Maulidi hapa viwanja vya Mnazi Mmoja utaziona vichwani mwa wanaume ambao wengi wao hawajawahi kufikiria ni jioni ngapi za mtu wamezivaa. Ningependa wafikiri. Nakishi ile ilifanywa kati ya kupika na kulaza watoto, na fedha yake, kama ilivyo fedha ya mkeka, kwa desturi ni ya mwanamke mwenyewe. Ada ya mtihani imelipwa hivyo, na nauli ya kwenda kumzika mzazi.

Wapo wanaoiona kazi hii ni dalili ya uhitaji, ya mtu aliyekosa fedha ya kununua mkeka wa plastiki. Mkeka wa plastiki ni rahisi na huoshwa haraka, simlaumu anayeununua. Lakini ukiulalia mwezi wa Januari, jasho litakupa jibu, na ukichakaa hauozi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, niliamini kikapu cha miyaa kimerudi sokoni kwa heshima. Badala yake mifuko mbadala ya bei ndogo ilijaa kila kibanda, na wasusi wakabaki walipokuwa. Hilo bado linaniuma, kwa sababu kikapu kizuri hubeba viazi na nazi miaka mingi, na mwenye kukisuka hayuko mbali na soko.

Kwa hiyo nakuomba wewe mwenye nyumba yenye kelele, usingoje kustaafu. Nenda Kariakoo asubuhi kabla jua halijakaza, ununue fungu dogo la ukindu, na ulikunje kidogo kabla ya kulipa: likivunjika, liache. Kisha mtafute bibi wa mtaani kwako anayejua, mwamkie, na umwombe akuanzishie ukili wa chane chache. Wa kwanza utapinda. Usiufumue, utafaa kwa kitu kidogo, hata kufungia ufagio. Na ukikaa kusuka usimfukuze mtoto wa kiume. Mpe chane naye, mikono yake inaweza.