Mwanza, Jamani, Mwanza!

Acha kila unachofanya ndugu yangu, sogea hapa nikusimulie, maana nimetoka Mwanza na nguo zangu bado zinanukia ziwa! Wewe unayekimbilia Mji Mkongwe kila likizo, wewe unayeota kwenda Gede kutazama ule ukuta wa kale wa matumbawe, sikatai, kule ni kuzuri mno. Lakini mji uliozungukwa na mawe kila upande, mawe makubwa, ya kijivu, mazito, ya mviringo, yaliyobebana moja juu ya jingine bila fundi wala chokaa, na chini yake fukwe, boti, makasia, samaki wa moto... huo uko Kanda ya Ziwa! Uko pale pale, unakungoja wewe tu!

Nianze na Jiwe la Bismarck. Umeliona kwenye picha? Basi hujaliona. Simama pale ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, ulitazame likiwa ndani ya maji, limekaa kwa kujishikiza juu ya wenzake, na moyo wako utaruka. Unaona kabisa kwamba linaanguka sasa hivi, sasa hivi, na halianguki! Wajerumani walioanzisha kituo chao cha utawala hapa mwaka 1892 ndio waliolipachika jina la chansela wao wa zamani. Wao waliondoka zamani, jiwe lipo, na ndege wa ziwani wametua kileleni wakikausha mabawa bila wasiwasi wowote. Jua likianza kushuka, kijivu kinageuka dhahabu, dhahabu inageuka shaba, watu wote ufukweni wananyamaza kidogo halafu simu zinatoka mifukoni kwa pamoja. Na bado!

Panda mitaa ya mlimani, panda Mabatini, panda Isamilo, panda mpaka magoti yalalamike. Nyumba zimebanwa katikati ya majabali kwa ustadi wa ajabu kweli kweli. Hapa jabali limekuwa ukuta, pale limekuwa uwanja wa kuanikia nguo, kule watoto wanateleza juu yake wakipiga kelele za furaha. Niliweka kiganja kwenye jiwe moja jioni, jua limeshazama, na lilikuwa bado na joto la mchana mzima ndani yake! Kavu, lenye chembechembe zinazokwaruza, zinazometa ukizitazama kwa karibu. Sikutaka kuutoa mkono. Na ukigeuka, ziwa lote liko miguuni pako, pana, la buluu, halina mwisho. Mpelelezi Mwingereza Speke alipolitazama kutoka vilima vya upande huu tarehe 3 Agosti 1858 alichanganyikiwa kwa furaha, akaamini amepata chanzo cha Mto Nile. Ukisimama hapo juu unamwelewa kabisa! Ila Wasukuma na Wakerewe walikuwa wakivua humo miaka mingi kabla hajafika, na hilo nalo ukumbuke unapotazama.

Sasa Saanane. Weee, Saanane! Hifadhi ya Taifa iliyo ndani ya jiji, unaelewa? Unapanda boti mjini, upepo unakupiga usoni dakika chache tu, unashuka kwenye kisiwa chenye swala na tumbili. Palianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, pakapandishwa hadhi kuwa hifadhi mwaka 2013, na jina lake ni la mzee aliyekuwa akiishi hapo. Mimi nilinaswa na pimbi. Pimbi! Mnene, mfupi, manyoya ya kahawia, amejilaza juu ya jabali la moto huku tumbo limebandikwa kwenye jiwe, macho nusu yamefumba. Nikasogea. Hakukimbia. Nikasogea tena, akafungua jicho moja, akanipima, akalifumba. Nyuma yake kenge mkubwa akapita taratibu kabisa, ulimi nje ndani, nje ndani, akaingia kwenye ufa wa mwamba akapotea. Nikasahau hata kupiga picha!

Na bado, hatujagusa maji!

Nenda fukwe za Ilemela, zile za kuelekea uwanja wa ndege, ambako ndege zinapita chini chini mpaka unainama bila kutaka. Mchanga laini, kivuli cha miti, muziki wa mbali. Chukua kayaki asubuhi mapema ziwa likiwa limetulia tuli, piga kasia, sikia lile "chubwi" dogo likijibiwa na mawe. Na tone likikurukia mdomoni, ewe mtu wa Pwani, utashtuka: hakuna chumvi! Macho hayawashi, ngozi haikazi, nywele hazigandi. Maji baridi, laini, mepesi, matamu! Mchana upepo unaamka, mawimbi yanainuka, na hapo ndipo wenye pikipiki za majini wanapochanja mbuga na sisi wengine tunapiga kelele za kushangilia. Vaa jaketi okozi, hilo halina mjadala. Na kwa kuwa nakupenda, nakwambia na hili: ziwa lina kichocho. Kaa mbali na maji yaliyotuama yenye magugu, waulize wenyeji mahali salama pa kuogelea, na ukirudi nyumbani pitia hospitali upimwe. Dawa ipo, ni ya vidonge, na ukishapimwa unaendelea na maisha.

Njaa ya kutoka majini si ya kawaida! Sato mzima, amekaangwa mpaka mapezi yanavunjika kwa kelele mdomoni, ndimu, pilipili, kachumbari, ugali wa udaga unaovutika vidoleni. Kula kwa mkono, tafadhali! Asubuhi tafuta matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, unavitafuna na karanga na chai, vina utamu mzito wa kunata ambao sijui nikufananishie na nini. Kisha pita Mwaloni Kirumba uone dagaa waliolundikwa wakingoja malori ya kwenda mpaka Kongo. Harufu ni kali, ndiyo, na baada ya muda unaipenda.

Daraja jipya la Kigongo–Busisi sitaki hata kulianza, kilomita tatu juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025, watu waliozoea kungoja kivuko sasa wanavuka wakiimba. Wala sijakwambia Kageye, kijiji cha ufukweni ambako mpelelezi Stanley aliunganisha mashua yake Lady Alice mwaka 1875, baada ya wapagazi kuibeba vipande vipande kutoka Bagamoyo. Kutoka Bagamoyo, kwa mabega!

Kwa hiyo panga safari, mwenzangu, na ukiweza panga Juni, maana ndipo ngoma za Bulabo, sikukuu ya Wasukuma, zinapolia kule Bujora, vikundi vya ngoma vya Wagalu na Wagika vikishindana mpaka vumbi linapanda. Beba kofia, beba viatu vyenye meno ya kushika mwamba, jifunze kusema "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, kabla hujashuka kwenye basi. Nenda mwaka huu. Usingoje mwakani!