Jedwali la Hitilafu na Injini Isiyotaka Kuzima

Vitabu vya matengenezo ya pikapu za kabureta za miaka ya 1970 na 1980 vina kurasa ambazo wahakiki hawazigusi: jedwali la hitilafu. Hata hivyo, jedwali ni utanzu wenye kanuni zake, na kanuni hizo ndizo zinazoamua fundi ataona nini na nini kitampita. Tulisome kupitia lalamiko moja: swichi imezimwa, injini bado inaendelea kuzunguka.

Muundo wake wa kawaida ni safu tatu: tatizo, sababu, tiba. Chini ya lalamiko letu hupangwa sababu kama hizi: sailensa (mzunguko wa injini isipokanyagwa mafuta) iko juu, solenoidi ya kabureta haifanyi kazi, injini inachemka, plagi zina joto kuliko zinazotakiwa, taimingi imechelewa, petroli ina okteni ndogo, kaboni imejaa kwenye chemba. Mtindo ni mkavu. Hakuna nafsi, hakuna wakati, hakuna kiunganishi. Dereva aliyeleta gari hayumo, wala fundi wa jana aliyekaza skrubu.

Mpangilio huo una mantiki isiyotajwa. Sailensa hutangulia kwa sababu bisibisi moja yatosha. Kaboni huja mwisho kwa sababu kuiondoa vizuri hudai kufungua silinda hedi. Sababu zimepangwa kwa wepesi wa kazi, na hiyo ni busara ya karakana, kwani humwokolea mwenye gari fedha. Ila msomaji haambiwi. Akiona sailensa juu ya orodha, hudhani ndiyo mshukiwa mkuu.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika ukosefu wa viunganishi. Safu husomeka kana kwamba kati ya kila mstari na mwenzake kuna “au”. Ndani ya injini, neno linalotawala ni “na”. Petroli ya kabureta huvutwa na upepo wa injini yenyewe, bila kuhitaji umeme. Kwa hiyo swichi huondoa cheche tu, mafuta hubaki. Kibati cha kabureta kikiwa wazi kidogo, hewa na petroli huendelea kuingia. Zikikandamizwa katika silinda yenye joto, kipande cha kaboni kilichoiva kama kaa la jiko huziwasha bila plagi. Okteni ndogo hurahisisha kuwaka huko. Mistari minne ya jedwali imekuwa tukio moja.

Taimingi nayo ina uhusiano na sailensa ambao jedwali haliusemi. Ikichelewa, injini hukosa nguvu pasipo kukanyagwa mafuta, na mtu huiinua kwa skrubu ili isizime. Kuinua huko ndiko kunakokiacha kibati wazi. Basi mstari wa kwanza waweza kuwa matokeo ya mstari wa tano. Historia yenyewe inathibitisha: Marekani ilipobana sheria za moshi miaka ya 1970, watengenezaji walipunguza petroli katika mchanganyiko, wakachelewesha taimingi na kupandisha sailensa. Injini zikawa ngumu kuzima, na solenoidi ikaenea kama dawa. Katika baadhi ya kabureta hukiachia kibati kijifunge kabisa umeme ukikatika. Katika nyingine, zikiwemo nyingi za Kijapani, huziba njia ya petroli ya sailensa. Jedwali lisilo na mfuatano wa wakati haliwezi kusimulia hayo.

Kasoro ya tatu imo katika safu ya kwanza. Lalamiko moja limefunika visa viwili. Injini inayogonga, kutikisika na kukohoa inawaka bila cheche, na orodha yetu inaihusu. Injini inayoendelea kwa utulivu, kana kwamba ufunguo haujaguswa, huenda bado inapata cheche: swichi ni mbovu, au umeme wa alteneta unarudi kwenye koili kupitia waya wa taa ya chaji. Kwa kisa hiki cha pili, kukwangua kaboni ni kupoteza siku. Jedwali linauliza injini inafanya nini, halimuulizi mwenye gari amesikia nini.

Kama kumbukumbu ya fundi mzoefu, jedwali limefaulu. Kama mwalimu wa mwanafunzi, limeshindwa. Tiba yake haihitaji kurasa nyingi. Swali moja kabla ya safu ya kwanza, yaani injini inaendelea kwa utulivu au kwa kugonga, lingetenga visa hivyo viwili. Mshale mmoja kutoka taimingi hadi sailensa ungeonyesha kipi kinazaa kipi.

Nawe uliye na pikapu ya namna hii, lisome jedwali kwa mpangilio mwingine. Injini ikiendelea baada ya swichi kuzimwa, weka taa ya kupimia kwenye terminali chanya ya koili: ikiwaka, tafuta umeme, achana na kabureta. Isipowaka, washa na kuzima swichi, injini ikiwa imesimama, usikilize kama solenoidi inabofya. Kisha angalia joto la injini na aina ya plagi, upime taimingi. Skrubu ya sailensa iguse baada ya hayo yote, na silinda hedi usiifungue kabla ya kuimaliza orodha.