Wentworth Woodhouse: jumba lililoachwa na ardhi yake

Ugomvi wa mirathi ndio uliolijenga jumba la Wentworth Woodhouse. Mwaka 1695 William Wentworth, Earl wa pili wa Strafford, alifariki bila mtoto, na mashamba yake karibu na Rotherham, kusini mwa Yorkshire, yakaenda kwa mpwa wake, Thomas Watson. Thomas Wentworth, ndugu wa ukoo aliyedhani mali ile ni haki yake, aliambulia cheo kidogo bila ardhi. Hakusamehe. Alinunua shamba la Stainborough, kilomita kama kumi kutoka hapo, akajenga jumba la fahari ili watu wa Wentworth waone. Majibu yalikuja kizazi kilichofuata, kwa mkono wa mwana wa Watson, Thomas Watson-Wentworth, aliyerithi mwaka 1723.

Alianza upande wa magharibi, kwa matofali na madoido ya mawe ya kuchonga, kwa mtindo wa baroko. Ni kazi nzuri, changamfu, lakini ilichelewa. Wakubwa wa chama cha Whig, ambao Watson-Wentworth alitaka kuhesabiwa miongoni mwao, walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye mtindo uliofuata michoro ya Mwitalia Andrea Palladio: mistari iliyonyooka, vipimo vinavyolingana, madoido machache. Katikati ya miaka ya 1730, badala ya kubomoa, akaanza jumba la pili lililogeuziana mgongo na la kwanza na kutazama mashariki. Ralph Tunnicliffe alilianza. Henry Flitcroft, msanifu aliyelelewa na Lord Burlington, ndiye aliyelipa sura tunayoiona.

Uso huo wa mashariki una urefu wa mita 185. Msanifu yeyote anajua hatari ya ukuta mrefu namna hiyo: jicho linachoka kabla ya kufika mwisho, na jengo linaonekana kama kambi. Flitcroft alichukua wazo kutoka Wanstead, jumba la Colen Campbell lililokuwa karibu na London, kisha akaligawa kwa vimo. Sehemu ya kati ni ndefu kwenda juu, na mbele yake kuna baraza ya nguzo sita zilizobeba pembetatu ya mawe. Mabawa yanashuka. Kwenye ncha, minara miwili inapanda tena na kufunga mstari. Ghorofa ya chini ni ya mawe yaliyoachwa na ukwaru, nayo inabeba ghorofa kuu iliyoinuliwa, ambako wageni walipokelewa. Baadaye John Carr wa York aliongeza kimo cha mabawa. Kwa maoni yangu alipunguza kidogo mpigo ule wa kupanda na kushuka, ingawa familia ilipata vyumba ilivyovihitaji.

Ndani, sifa zote zinakwenda kwa Ukumbi wa Marumaru: mraba wa mita 18 kila upande, na kimo cha mita 12. Sakafu ni marumaru halisi, na michoro yake inarudia michoro ya dari. Nguzo zake, hata hivyo, zimefunikwa kwa plasta maalumu iliyochanganywa na rangi na kusuguliwa hadi ing'ae kama jiwe. Mbinu hiyo haikuwa njia ya mkato ya maskini; ilihitaji mafundi mahiri, na ilimpa msanifu rangi aliyoitaka pale alipoitaka.

Mwana wa mjenzi, Charles, Marquess wa pili wa Rockingham, alikuwa waziri mkuu mara mbili. Alifariki mwaka 1782 bila mtoto, na kila kitu kikaenda kwa mpwa wake, Earl Fitzwilliam. Chini ya ardhi hiyo palikuwa na makaa ya mawe, na karne ya 19 iliwafanya Fitzwilliam kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Uingereza. Hapa ndipo mpango mzima unapoeleweka. Jumba la vyumba zaidi ya 300 halijiendeshi lenyewe. Kodi za mashamba na mapato ya migodi ndizo zilizokuwa injini yake.

Injini hiyo ilizimwa ndani ya muda mfupi sana. Earl wa saba alifariki mwaka 1943, na wa nane mwaka 1948 katika ajali ya ndege Ufaransa, kwa hiyo kodi ya mirathi ikaja mara mbili ndani ya takriban miaka mitano. Mwaka 1946 waziri wa nishati, Emanuel Shinwell, aliamuru makaa yachimbwe juu kwa juu ndani ya bustani, na mashine zikafika karibu na ukuta wa upande wa magharibi. Wachimbaji wenyewe, kupitia kiongozi wao wa Yorkshire, Joe Hall, walipinga. Hilo linastahili kukumbukwa: waliokuwa na sababu nyingi za kulichukia jumba ndio waliolitetea. Januari 1947 migodi yote ikawa mali ya taifa.

Lady Mabel Smith, dada wa Earl wa saba na diwani msoshalisti, alisaidia jengo likodishwe kwa serikali ya mtaa, likawa chuo cha walimu wa michezo kilichobeba jina lake. Baadaye wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Sheffield walilitumia hadi 1988, gharama zilipowashinda wenye chuo.

Mwaka uliofuata familia iliuza jengo na eneo dogo tu, mashamba yakabaki kwake. Kosa la msingi, kwa mtazamo wangu, liko hapo. Mfanyabiashara aliyenunua alishindwa kulipa, na benki ikalichukua. Mwaka 1999 likaenda kwa msanifu majengo Clifford Newbold, aliyeanza ukarabati kwa fedha zake na kudai fidia ya pauni milioni 100 kwa nyufa alizosema zilitokana na migodi ya chini. Dai likakataliwa.

Tangu 2017 mwenye jumba ni wakfu wa uhifadhi, ulionunua kwa pauni milioni 7. Serikali ilikuwa imeahidi pauni milioni 7.6 kwa matengenezo ya dharura. Walianza na paa, na walianza pazuri: jengo refu lina mifereji mirefu, na maji yakiingia hayachagui chumba cha fahari wala cha mtumishi. Kinachobaki ni kupata mapato ya kudumu. Harusi, ziara na filamu zinasaidia, lakini mimi natazama zaidi mazizi makubwa ya farasi aliyoyajenga Carr, yanayogeuzwa hatua kwa hatua kuwa majiko na kumbi za kukodisha. Ndiyo sehemu pekee yenye ukubwa wa kufanya kazi iliyofanywa zamani na mashamba.