Asilia kwa Kiasi Gani? Uhakiki wa Polima za Kutolea Protini kwenye Utando wa Seli

Polima ya stairini na asidi ya maleiki imesifiwa mno kwa neno moja: asilia. Sehemu hii inalihoji neno hilo.

Sifa hiyo ina msingi. Sabuni za maabara huitoa protini kwenye utando kwa kuivua lipidi zinazoizunguka, na protini nyingi huharibika papo hapo. Polima zilizoelezwa na Tribet, Audebert na Popot (1996) ziliituliza protini, ila baada ya sabuni kufanya kazi yake. Knowles na wenzake (2009) ndio walioonyesha kwamba polima inaweza kuizingira protini pamoja na lipidi katika kisahani cha takribani nanomita 10. Kisha Dörr na wenzake (2014) wakaitoa chaneli ya potasiamu KcsA moja kwa moja kutoka utando wa Escherichia coli, na kukuta lipidi zenye chaji hasi zimezidi kando yake.

Hapo ndipo shaka inapoanzia. Cuevas Arenas na wenzake (2017) walibaini kwamba visahani hivi hubadilishana lipidi kwa kasi vinapogongana. Usafishaji wa protini huchukua saa nyingi. Ikiwa lipidi zinahama wakati wote huo, basi orodha tunayopima mwishoni yaweza kuonyesha lipidi ambazo protini huzipendelea, si majirani iliyokuwa nao ndani ya seli. Haya ni maswali mawili tofauti, na watafiti wengi huyajibu kana kwamba ni moja.

Tatizo la pili ni la kikemia. Vikundi vya kaboksili vya polima hunasa magnesiamu. Ikizidi milimola chache, polima hutuama chini ya chombo. Protini zinazosafirisha vitu kwa nishati ya ATP huihitaji magnesiamu hiyohiyo. Tunabaki na protini iliyohifadhiwa vizuri ambayo hatuwezi kuitazama ikifanya kazi! Polima ya di-isobutileni na asidi ya maleiki (Oluwole na wenzake, 2017) huivumilia zaidi magnesiamu, tena haifyonzi mwanga wa urujuanimno kama stairini. Lakini mara nyingi hutoa protini kidogo zaidi.

Kwa maoni ya mtafiti, neno "asilia" litumike pale tu ambapo lipidi zimepimwa mara mbili, mara baada ya kutolewa na baada ya kusafishwa, na tofauti ikaripotiwa.