Tembo Chini ya Daraja: Jinsi Nick Brandt Alivyoijenga Picha

Katika picha ya Nick Brandt ya mwaka 2015, Underpass with Elephants, kundi la tembo limesimama chini ya daraja la barabara nchini Kenya, katikati ya watu wasio na makao. Wengi wakiiona hudhani ni kazi ya kompyuta. Sivyo. Tembo hao ni picha iliyochapishwa kwa ukubwa wao halisi, ikabandikwa kwenye paneli ya alumini na plaiwudi, ikabebwa hadi pale na kusimamishwa.

Msingi wa kazi hiyo ulianza mwaka 2001, Mwingereza huyu alipoanza kupiga picha za wanyama wa Afrika Mashariki. Alitumia Pentax 67, kamera ya filamu inayotoa picha kumi tu kwa mkanda wa kawaida, na akakataa lenzi za kuvuta mbali. Lenzi hizo humnyofoa mnyama kutoka katika mazingira yake: nyuma panabaki ukungu tu. Brandt alisogea karibu na kungoja, ndiyo maana picha zake zina ardhi, upeo na mawingu. Tembo wa Amboseli aliyempiga picha akinywa maji mwaka 2007 aliuawa na majangili miaka miwili baadaye. Mwaka 2010 Brandt na Richard Bonham wakaanzisha Big Life Foundation, inayolinda wanyamapori wa eneo hilo.

Kwa mradi wa Inherit the Dust, wenye picha hiyo ya tembo na uliotoka kitabuni mwaka 2016, alirudia hasi za filamu ambazo hakuwahi kuzitoa, akazichapisha kuwa paneli. Kwa kuwa ardhi na upeo vilikuwamo tayari, aliweza kuulinganisha upeo wa ndani ya paneli na ule wa jalala au machimbo ya mawe alikoisimamisha. Hapo ndipo weusi na weupe wa picha zake unapofanya kazi kubwa. Kwa rangi, nyasi za mbugani zingegombana na vumbi la jalala, na jicho lingeona mshono papo hapo. Kwa kijivu, kinachobaki kupatanishwa ni mwanga na giza. Naye alisubiri mawingu ili vivuli vikali visiisaliti paneli.

Kwa maoni yangu, faida kubwa ya kutumia paneli halisi ni watu. Wanapita, wanakaa, wanafanya kazi zao bila kuwaangalia tembo. Utulivu huo ni mgumu kuubuni baadaye mezani. Lakini dosari ipo: mnyama ndiye anayepewa uso na haiba, ilhali mtu maskini aliye kando yake mara nyingi ni umbo tu, ingawa naye ameumizwa na uharibifu uleule.

Ukikipata kitabu hicho, anza na ukingo wa chini wa kila paneli, pale miguu ya mnyama inapokutana na udongo. Ufundi wote wa Brandt umo hapo.